Orodha ya Kwanza ya Vitu vya Mtoto Mchanga: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wazazi wa Arusha na Moshi

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya mama anayetarajia mtoto wa kwanza, baba anayetumwa dukani, na ndugu wanaotaka kuchangia lakini hawajui waanzie wapi. Mtoto mchanga anahitaji vitu vichache kuliko vinavyopangwa kwenye kioo cha duka. Ila hivyo vichache anavihitaji kwa idadi ya kutosha na kwa wakati wake, na idadi inategemea sana mnakoishi. Baridi ya Ngaramtoni mwezi wa saba si sawa na joto la Mabogini mwezi wa pili.

Nianze kuandika orodha lini?

Ujauzito ukifika wiki ya 28. Vitu vya kujifungulia viwe tayari kwenye begi ifikapo wiki ya 34, kwa sababu wapo watoto wanaowahi na uchungu hausubiri mwisho wa mwezi. Kama ndugu na marafiki wanapanga sherehe ya kumtunza mama, wiki ya 30 hadi 32 inafaa: mama bado ana nguvu za kukaa na wageni, kuna muda wa kufua kila nguo iliyoletwa, na kitu kilicholetwa mara tatu kinaweza kurudishwa dukani kikabadilishwa.

Gawa karatasi sehemu tatu: vitu vya siku ya kujifungua, vitu vya wiki sita za kwanza, na vitu vinavyoweza kusubiri. Kamilisha sehemu ya kwanza kabla hujagusa ya pili. Tunasisitiza hili kwa sababu fedha nyingi huishia kwenye sehemu ya tatu, ambako kuna kitanda chenye neti ya mapambo na kigari cha kusukuma, halafu siku ya leba familia inakimbizana kutafuta pamba na glavu.

Nibebe nini kwenda kujifungua?

Orodha inayoongoza ni ile utakayopewa kliniki unakohudhuria, kwa kuwa kila kituo kina utaratibu wake. Ulizia mapema, ikiwezekana hudhurio la mwezi wa saba wa ujauzito, na iandike nyuma ya daftari lako. Kwa kawaida huwa kuna kanga au vitenge, makintoshi ya kutandika kitandani, glavu, pamba, pedi kubwa, kibana kitovu, wembe mpya, beseni, ndoo, sabuni na kandambili. Kadi ya kliniki iwe mfuko wa nje wa begi, mahali ambapo hata jirani akiambiwa aichukue ataiona.

Kanga ndizo zinazopungua kila mara. Weka sita, yaani doti tatu: mbili za kumpokelea na kumfunika mtoto, mbili za mama, na mbili za akiba. Ziwe zimeshafuliwa mara mbili au tatu. Kanga mpya ina wanga wa kiwandani, inateleza na hainyonyi maji, na mtoto anayetoka akiwa na majimaji anapaswa kukaushwa mara moja ili asipoteze joto. Kanga ya zamani, laini, iliyofuliwa ikapigwa pasi, inafanya kazi hiyo vizuri kuliko taulo jipya la bei.

Za mtoto zifunge kwenye mfuko wake peke yake: kofia mbili, soksi jozi mbili, nguo tatu, shali moja, blanketi moja na nepi kumi. Andika "MTOTO" kwa kalamu nene. Anayetumwa kuleta huo mfuko mara nyingi ni baba au mama mdogo aliyesimama nje, na hatajua kipi ni kipi.

Nguo ngapi zinatosha?

Hesabu inaanzia kwenye kamba ya kuanikia. Chukua nguo zinazotumika kwa siku, zidisha kwa siku ambazo nguo zinachukua kukauka, ongeza zile za siku yenyewe, kisha weka mbili za akiba.

Mtoto wa wiki mbili hubadilishwa nguo ya juu kama mara tatu kwa siku, kwa sababu ya kucheua na choo kinachopanda mgongoni. Moshi mjini mwezi wa kwanza, nguo uliyofua asubuhi unaianua mchana. Basi ni tatu alizovaa, tatu za kambani, mbili za akiba: nguo nane. Arusha kwenye manyunyu ya mwezi wa sita na wa saba, au miteremkoni Kibosho, Machame na Marangu, nguo nzito inaweza kukaa siku mbili haijakauka. Hapo ni tatu za siku, sita kambani, mbili za akiba: kumi na moja. Masika ya mwezi wa tatu hadi wa tano hesabu hiyo hiyo inahusu pande zote mbili. Kwa hiyo dada yako wa Dar es Salaam akikwambia alitumia nguo sita tu, hajakudanganya, ila kwake joto lilimsaidia.

Kuhusu saizi, usiandike zote za "mtoto mchanga". Mtoto wa kilo 3 hupungua kidogo siku za mwanzo, hurudia uzito wake kufikia wiki ya pili, kisha huongezeka kama gramu 25 hadi 30 kwa siku. Kufikia wiki ya sita nguo za saizi ndogo kabisa zinambana mabegani. Tatu za saizi hiyo zinatosha, nyingine zote ziwe za miezi 0 hadi 3, na waombe wachangiaji wawili watatu walete za miezi 3 hadi 6.

Chagua za pamba zinazofunguka mbele hadi chini. Nguo ya kuvalia kichwani inamsumbua mtoto ambaye shingo haijakaza, na choo kikipanda mgongoni utalazimika kukivutia usoni mwake. Ondoa kamba yoyote ya shingoni na vifungo vinavyolegea.

Jambo moja dogo ambalo wengi hawalijui: geuza soksi na glavu za mtoto nje ndani kabla ya kumvalisha. Ndani kwenye ncha huwa na nyuzi ndefu zilizolegea, na uzi mmoja ukijizungusha kwenye kidole unakata damu mpaka kidole kinavimba na kuwa chekundu au cha zambarau. Mtoto atalia bila kunyamaza na mama atadhani ni tumbo. Kata nyuzi zote kwa mkasi, na mtoto akilia bila sababu inayojulikana, vua soksi uangalie vidole kimoja kimoja.

Nguo za mitumba zinafaa?

Zinafaa sana, na kwa nguo za baridi mara nyingi ni bora kuliko mpya za bei hiyo hiyo. Memorial na Kiboriloni kwa Moshi, Kilombero kwa Arusha, utapata sweta za sufu na blanketi nzito ambazo madukani huzioni. Nenda asubuhi siku ya kufunguliwa belo. Shika mpira wa kiunoni uvute: kama haurudi, acha. Vuta vifungo vya kubana vyote. Nusa kwapa na shingo.

Nyumbani, loweka kwenye maji ya moto yenye sabuni, fua, suuza mara mbili, anika juani, kisha piga pasi ya moto pande zote pamoja na mishono. Pasi si ya urembo. Kuna inzi wanaotaga mayai kwenye nguo zenye unyevu zilizoanikwa nje, hasa zinazogusa nyasi au mchanga, na kiluwiluwi chake huingia kwenye ngozi na kutengeneza jipu. Joto la pasi linayaua mayai.

Jihadhari na harufu ya nafutalini, vile vidonge vyeupe vinavyowekwa kwenye masanduku kufukuza wadudu. Nguo zilizotunzwa na nafutalini zinaweza kuvunja chembe nyekundu za damu kwa mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, na akapata manjano kali. Upungufu huo si wa nadra kwenye nchi zenye malaria, na hauonekani kwa macho. Hili linahusu pia blanketi la heshima ambalo bibi amelitunza sandukuni miaka ishirini. Lipokee kwa shukrani, lianike nje juani na upepo siku kadhaa, lifue hadi harufu iishe kabisa, na kama harufu haiishi usimfunike nalo mtoto mchanga.

Vitu ambavyo tusingenunua mitumba ni godoro la sponji, na kiti cha mtoto cha gari ambacho hujui kama kimewahi kupata ajali.

Nepi za kitambaa au pampasi?

Zote mbili, kila moja kwa saa zake. Mtoto mchanga hubadilishwa mara nane hadi kumi na mbili kwa siku. Ukitumia kitambaa peke yake kwa kumi kwa siku, na nne za akiba, Moshi ya jua utahitaji nepi 24. Arusha ya kipupwe utahitaji 34, na kamba ndefu kuliko ua wenyewe. Kwa hiyo andika nepi za kitambaa 24 na pampasi za usiku, za safari ya kliniki, na za siku za mvua.

Pampasi za saizi ya kwanza usizidishe pakiti mbili. Wachangiaji wanapenda kuleta pampasi, na ni zawadi nzuri, ila waelekeze saizi ya pili na ya tatu. Pampasi iliyobana huacha alama nyekundu mapajani na kuvuja mgongoni, na hapo ndipo utajua saizi imepita, hata kama uzito ulioandikwa kwenye pakiti haujafika. Kunja sehemu ya mbele iwe chini ya kitovu mpaka kitovu kidondoke.

Choo cha siku mbili za mwanzo ni cheusi na kinanata kama lami. Paka mafuta kidogo ya mgando matakoni kabla ya kumvalisha, kitatoka kwa mfuto mmoja. Nepi ya kitambaa yenye choo isuuze kwanza kwa maji baridi, kwa sababu maji ya moto yanagandisha doa. Usitie dawa ya kulainisha nguo, inafanya kitambaa kisinyonye. Suuza mpaka maji yasiwe na povu. Upele mwingi wa nepi unatokana na sabuni iliyobaki kwenye kitambaa na unyevu uliokaa muda mrefu, na ile suruali ya nailoni inayovalishwa juu ya nepi ndiyo inayouongeza. Upele ukiwa mwekundu sana mpaka ndani ya mikunjo, wenye vipele vidogo pembeni, huenda ni fangasi. Mpeleke kituoni, poda haitauponya.

Tunajifungua mwezi wa saba. Tumkinge vipi na baridi?

Kwanza, jiko la mkaa lisiingie chumba cha mzazi. Tunaweka hili mbele ya blanketi zote. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na kwenye chumba kilichofungwa madirisha inaua mama na mtoto wakiwa usingizini. Mkaa ulioshika na kuacha kutoa moshi ndio unaodhaniwa kuwa salama, na hewa hiyo bado inatoka. Chemsha maji nje au jikoni, yaingize chumbani kwenye chupa ya chai.

Joto bora la mtoto mchanga ni kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, blanketi likiwa mgongoni mwa mtoto. Kumwogesha kwa mara ya kwanza kusubiri walau saa 24. Akiwa kitandani, mvalishe nguo moja zaidi ya zile mtu mzima anazoona zinamtosha: fulana ya pamba, ovaroli, soksi na shali la kumzungushia. Usimpime kwa kushika viganja, viganja vya mtoto mchanga huwa baridi hata akiwa sawa. Ingiza vidole nyuma ya shingo. Pakiwa na jasho amezidishiwa, punguza moja. Pakiwa baridi, mrudishe kifuani kwa mama.

Orodha ya baridi basi ni blanketi mbili za wastani, shali mbili, kofia tatu, sweta mbili. Blanketi moja zito la manyoya halifai, maana huwezi kupunguza nusu yake.

Kitanda cha mtoto ni lazima?

Si lazima. Kinachotakiwa ni sehemu ngumu, iliyonyooka, isiyo na mto, na mtoto alale chali. Mto wa kichwa, ule mdogo mzuri unaokuja na seti, utoe. Godoro lililobonyea katikati humvuta mtoto kuelekea kwa mtu mzima aliyelala naye. Kama kuna nafasi, sogeza kitanda chake kikae ubavuni mwa kitanda cha mama, mpaka miezi sita walau. Asilale nao kitanda kimoja ikiwa mmoja wao amekunywa pombe, anavuta sigara, au ametumia dawa za usingizi, na asilale kwenye sofa pamoja na mtu yeyote.

Chandarua?

Chandarua chenye dawa hutolewa kwa mjamzito hudhurio la kwanza kliniki, na kingine mtoto anapopata chanjo ya surua na rubela ya miezi 9. Ulizia kabla ya kununua. Wakazi wa Arusha mjini husema huku juu hakuna mbu. Safari moja ya kwenda kumwonyesha mtoto kwa bibi Kahe au TPC, chini ya Moshi kwenye mashamba ya kumwagilia, inabadilisha hesabu hiyo. Kile chenye umbo la mwavuli kinafaa mchana, lakini vingi havina dawa, na kitambaa kikigusa ngozi mbu anauma kupitia tundu.

Vitu vya kuogea?

Beseni moja la lita 15 hadi 20 lisilotumika kwa kazi nyingine, taulo mbili laini, vitambaa vidogo vinne, sabuni moja isiyo na manukato. Tia maji baridi kwanza, kisha ya moto, ili sehemu ya chini ya beseni isiwe na joto kali. Pima kwa kiwiko. Kina cha maji kisizidi upana wa vidole vinne. Mara mbili au tatu kwa wiki inatosha kuoga mwili mzima, hasa wakati wa baridi. Siku nyingine futa uso, shingo, kwapa na sehemu za nepi.

Poda haipo kwenye orodha yetu. Vumbi lake huingia mapafuni, na kwenye mikunjo yenye jasho hugeuka udongo. Kitovu kiache kikauke wazi, usipake kitu chochote isipokuwa dawa uliyopewa na kituo: si mafuta, si majivu, si mate, hata kama anayeshauri ni mtu unayemheshimu sana. Hudondoka ndani ya wiki moja hadi mbili.

Niandike chupa na maziwa ya kopo?

Kama mama ananyonyesha, hapana. Maziwa ya mama peke yake yanatosha miezi sita, bila maji. Chupa za akiba na kopo la akiba mara nyingi ndizo zinazoanzisha tatizo: siku ya tatu, maziwa hayajajaa, mtoto analia, mtu anafungua kopo, mtoto ananyonya kidogo kwa mama, na maziwa yanapungua kwa sababu hayanyonywi. Ukiona ziwa linauma au mtoto hashiki vizuri, nesi wa kliniki akuangalie unavyompakata kabla ya kwenda dukani.

Mama anayerudi kazini ana hesabu nyingine. Likizo ya uzazi kisheria ni siku 84, na 100 kwa waliojifungua mapacha au zaidi, na baada ya hapo mwajiri anapaswa kukuruhusu kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Pampu ya mkono moja inatosha wengi, na inaweza kusubiri mpaka mwezi wa pili. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa nne kwenye chumba kisichozidi nyuzi 25, na siku nne ndani ya friji, nyuma, si mlangoni. Andika vyombo vidogo vitano vyenye mfuniko na kikombe kidogo cha kumnyweshea. Kikombe huoshwa chote kwa mkono mmoja. Chupa ina chuchu na mikunjo inayoficha mabaki.

Na kama mtoto lazima apewe maziwa ya kopo?

Basi maji ndiyo kitu cha kwanza cha kufikiria, na kwa ukanda wetu hili ni zito. Maji ya maeneo mengi kuzunguka Mlima Meru, hasa upande wa Maji ya Chai, King'ori na Ngarenanyuki, yana floraidi nyingi inayotokana na miamba ya volkano. Ndiyo inayopaka meno rangi ya kahawia na, ikizidi miaka mingi, huumiza mifupa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto wa kopo hunywa maji mengi kulinganisha na uzito wake, wakati ule ule ambao meno yake ya ukubwani ya mbele yanatengenezwa ndani ya ufizi. Mtoto anayenyonya amekingwa, kwa kuwa floraidi kidogo sana ndiyo hupita kwenye maziwa ya mama.

Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki, kwa hiyo yaliyochemka sana huwa nayo zaidi. Vichungi vya kawaida vya mshumaa haviiondoi pia. Vinavyofanya kazi ni vya mkaa wa mifupa, teknolojia iliyofanyiwa kazi miaka mingi kwenye kituo cha utafiti cha Ngurdoto, na mkaa huo hubadilishwa ukichoka. Njia nyingine ni maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi baada ya kuacha mvua ya mwanzo ioshe paa, kisha yakachemshwa, au maji ya chupa ambayo lebo yake imeandika kiwango cha floraidi. Soma hiyo lebo.

Maziwa yenyewe yachanganywe na maji yaliyochemka yakapoa yasiyopungua nyuzi 70, yaani ndani ya nusu saa tangu yachemke, kwa sababu unga wa kopo huweza kuwa na vijidudu. Kisha poza chombo kwenye beseni la maji baridi. Fuata kijiko cha kopo lile lile, kikiwa sawa bila kilima. Kurefusha kopo kwa maji mengi kunamdhoofisha mtoto huku tumbo likionekana limejaa.

Dawa gani niweke nyumbani?

Kipimajoto cha dijitali, na hakuna zaidi. Usiweke dawa ya mafua, ya tumbo wala ya homa kwa ajili ya mtoto chini ya miezi miwili. Homa kwa umri huo inatakiwa kuonwa na mtoa huduma siku hiyo hiyo. Kwapani, nyuzi 37.5 au zaidi, au chini ya 35.5, mpeleke. Mpeleke pia akigoma kunyonya, akipata degedege, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, mbavu zikiingia ndani anapovuta hewa, au viganja na nyayo zikiwa za manjano. Andika namba ya dereva anayeaminika ubandike ukutani. Hiyo ni sehemu ya orodha.

Ndugu wanauliza walete nini kwa mama mwenyewe.

Swali zuri, na liulizwe mapema. Mtori wa wiki sita: ndizi mshare, nyama yenye mfupa, siagi au maziwa. Wagawane siku, kila mtu na siku yake, badala ya mikungu mitano kufika Jumamosi moja ikaivia jikoni. Chupa ya chai ya lita mbili, ili uji na mtori viwe karibu na kitanda saa nane za usiku. Pedi za uzazi pakiti nne. Blauzi za vifungo mbele tatu. Vitamini na vidonge vya madini chuma ni vile vya kliniki. Msaidizi wa kufua kwa wiki mbili ni zawadi bora kuliko kigari chochote, na mchango wake ni rahisi kutuma kwa simu.

Tunaipangaje orodha kwenye kundi la WhatsApp?

Andika kitu, idadi, saizi, na aina. "Nguo za mtoto" italeta magauni kumi na mawili ya saizi ndogo. "Ovaroli 4, pamba, vifungo mbele, miezi 0–3, rangi yoyote" italeta ovaroli nne. Anayechukua kitu aandike jina lake mbele yake, kisha mtu mmoja, wifi au rafiki mtulivu, asasishe orodha kila jioni. Mama asifanye kazi hiyo. Weka vitu vya bei ndogo vingi, kama vitambaa na soksi, ili asiye na uwezo mkubwa naye apate cha kuchukua bila kuona haya. Kikubwa kimoja, kama godoro au pampu, kichangiwe na watu kadhaa, na fedha zipokelewe na mtu mmoja anayetoa hesabu kundini.

Vipi ni vya kuacha?

Viatu vya mtoto mchanga, mto, manukato, midoli mikubwa, vito vya kupachika shingoni. Kigurudumu cha kujifunzia kutembea ni hatari kwa ngazi na majiko, hakimwahishi mtoto kutembea, na Kanada ilikipiga marufuku mwaka 2004. Kigari cha kusukuma kinategemea njia yenu: kwenye lami sawa, kheri, kwenye mawe na mwinuko, mbeleko mbili za kitenge zitafanya kazi yote. Ukimbeba, magoti yakunjwe na miguu ipanuke pande mbili za mwili wako, uso uonekane, na kidevu kisibanwe kifuani.

Mtoto akizaliwa njiti, orodha inabadilika?

Inabadilika, na kwa namna ya kushangaza inapungua. Njiti aliyetulia hulelewa kifuani kwa ngozi, usiku na mchana, akiwa na kofia, soksi na nepi tu, amefungwa kwa kitambaa kipana kinachombana asiteleze. Kwa hiyo ovaroli zote zisubiri. Ongeza kofia za pamba ziwe tano, nepi za saizi ndogo kabisa, kanga laini mbili za kufungia, na kikombe kidogo cha kumnyweshea maziwa yaliyokamuliwa kama nesi atakavyoelekeza. Mama akienda kuoga au kula, baba au bibi anaweza kumpokea kifuani vile vile, ndiyo maana kwenye orodha ya njiti tunaandika pia mashati mawili ya baba, ya vifungo, ya pamba, yaliyofuliwa na kupigwa pasi.